Bangili Iliyopimwa kwa Mkono Wangu

Ayeyo,

Bangili uliyoninunulia Makka sinayo tena. Nimempa Shangazi Safia, na nimemwambia ni wewe uliyemchagulia. Baba hajui kuwa ilikuwa yangu. Mama hajui. Baba Mdogo Yusuf, aliyetupeleka huko na kunirudisha peke yangu, anadhani imo ndani ya sanduku langu. Nakwambia wewe tu, bibi yangu, kwa sababu nimelitumia jina lako na hupo hapa kunikataza.

Tangu turudi, nyumba imekuwa na adabu mno. Watu wanatembea kama kuna mgonjwa. Birika lako la kutawadhia linajazwa maji kila asubuhi na hakuna anayelitumia. Nadhani ni Baba. Mama ameniambia kwamba simu ya maandishi ilipofika, Baba aliisoma mara moja, akaikunja, akaingia chini ya lori lake kana kwamba kuna kitu cha kutengeneza. Alikaa huko mpaka magharibi. Wanaokuja kutupa pole wanasema una bahati, umezikwa pahali ambapo kila Mwislamu angetamani kuzikwa. Najua ni kweli. Lakini ni mbali, Ayeyo. Siwezi hata kuja kung'oa majani juu yako.

Unakumbuka wiki zile kabla hatujaondoka? Nilikuwa nimemaliza mtihani wa Fomu Foo, sina kazi, ukanifanya msaidizi wako. Tulizunguka mtaa wetu wa Wabera hapa Isiolo nyumba kwa nyumba ukiomba radhi, kama inavyompasa anayekwenda Hija. Ukishasamehewa, unatoa kibunda cha nyuzi mfukoni, cha kupimia zawadi utakazoleta. "Sasa lete kichwa." Mtu wa kofia ulimzungushia uzi kichwani, wa viatu ulimpima wayo. Wa bangili ulimwambia akunje vidole, ukapima kiganja pale palipo pana. Ulisema bangili haivaliwi na kifundo, inavaliwa na ngumi, ikishapita ngumi mengine ni rahisi. Hukujua kusoma, lakini kila uzi ulikuwa na rangi yake na fundo lake, na hukuwahi kuuchanganya na mwingine. Hata kwa Mzee Hirsi muuza nyama, mliyekuwa hamsalimiani, ulikwenda. Ulipomaliza kumpima ukasema, "Kichwa hiki kimenimalizia uzi." Akacheka mpaka akashika mlango.

Mimi ndiye niliyekushikia nyuzi zile. Hapakuwa na uzi wa Shangazi Safia.

Binti yako wa pekee. Kabla sijazaliwa alitoroka na mfanyabiashara wa ng'ombe, Mborana wa Garbatulla, si wa kabila letu, na tangu hapo jina lake halikutajwa nyumbani. Ulimwomba radhi kila mtu ila yeye. Kila tulipotoka nyumba moja nilitaka kukuuliza, "Na Shangazi?" Badala yake nilizihesabu nyuzi. Unajua nilivyo.

Kule sokoni Makka ulikuwa mkali kuliko wenye maduka. Zawadi ya safari, ulisema, iwe nyepesi, isivunjike, isimwagike, na isimwaibishe anayeipokea. Ndiyo maana ulikataa vikombe vya kioo, na manukato ukayachukua katika vichupa vidogo ambavyo ulivifunika nta na kuvisokota ndani ya soksi za Baba Mdogo. Tasbihi, wanja, kofia, misala iliyokunjwa ikawa kama kitabu. Kila kitu ulikifunga kwa uzi wa mwenyewe. Baba Mdogo alipotuletea lile blanketi lenye picha ya chui, ulilikunjua lote. "Warya, wewe Yusuf, huyu chui atakaa kiti gani kwa ndege? Kwangu au kwako?" Akalirudisha. Mpaka leo analitaja.

Bangili yangu uliinunua mwisho, siku moja kabla ya homa. Ya fedha, nyembamba, ina vitone kama chembe za mtama. Ulinikunja vidole mwenyewe ukaipitisha, ikapita bila kuniumiza. Halafu ukaivua. "Si hapa. Utavaa nyumbani watu waone." Ukaifunga kwa uzi wangu, ule wa kijani.

Sikuivaa hapo tena, wala nyumbani.

Homa ilikuchukua haraka. Nilikupepea kwa kifuniko cha boksi la tende. Nilikuwa nakusikiliza, Ayeyo, kila neno, nikingoja kama utamtaja. Ulimwita mama yako. Ulimwita Baba, ukiniambia nimwamshe asichelewe na lori. Hukumwita Shangazi.

Nyumbani niligawa zawadi kwa kufuata nyuzi. Kila kitu kilimkaa mwenyewe. Mzee Hirsi alivaa kofia yake, akatoka nje bila kuaga. Watu waliniuliza, "Na wewe, Hodan, alikuchagulia nini?" Nikasema mimi nilikwenda naye. Ile bangili nilitaka kwanza niwe nayo peke yangu kidogo.

Shangazi Safia alifika zawadi zimekwisha. Mvua ilikuwa imekata barabara, akaja juu ya lori la mbuzi, nguo zina matope mpaka magotini. Sikuwahi kumwona, lakini nilimjua alipovua viatu, maana anaegemea ukuta kwa kiwiko kama wewe. Wanawake walikuwa wamejaa mkekani. Mama Zeinab wa nyumba ya pili akasema, bila hata kupunguza sauti, "Kumbe njia ya Isiolo unaijua." Shangazi alisalimia kila mtu kwa mkono, akaja kukaa karibu yangu, mwisho kabisa, pale wanapokaa watoto.

Akaniuliza polepole, "Wewe ndiye ulikuwa naye. Alinitaja?"

Ayeyo, ningesema nini? Kusema ndiyo sikuweza. Nikasema, "Alikuletea kitu." Nikaenda chumbani, nikafungua sanduku, nikautoa uzi wa kijani kwenye bangili. Niliishika kidogo. Kisha nikatoka nayo.

Alikunja vidole jinsi ulivyotufundisha wote. Ikakwama. Akasukuma, ngozi ikapanda. Mikono yake ni mikubwa, Ayeyo, imevuta maji visimani miaka yote hiyo. Ilikataa kabisa kupita. Wanawake wakatazamana, kwa sababu hakuna asiyejua kwamba wewe hukosei kipimo. Mama Zeinab akanitazama mimi, si yeye. Nikajua sasa nitaulizwa uko wapi uzi wake.

Shangazi akaacha kusukuma. Akaiweka kiganjani, akaitazama.

"Hajakosea," akasema. "Huu ndio mkono niliotoka nao hapa nyumbani."

Alilia kama mtoto anayelia baada ya kuzuiwa muda mrefu. Mama Zeinab ndiye aliyesogea kwanza akamshika. Mimi nililia pia, na watu wakafikiri nakulilia wewe. Nilikuwa nakulilia wewe. Nilikuwa pia nalilia bangili yangu, na hilo linanitia aibu hata ninapoliandika.

Aliifunga kwenye ncha ya mtandio wake, mafundo mawili, akarudi nayo Garbatulla. Kabla ya kupanda lori alinishika kichwa akasema tunafanana, mimi na yeye wa zamani. Niliuficha mkono wangu ndani ya nguo.

Sijui kama nimekukosea. Huenda ulikuwa na uzi wake moyoni, hukutaka tu nikushikie. Huenda hapakuwa na kitu. Usiku mwingine naamini hili, mwingine lile, na hakuna wa kumuuliza. Ninachojua ni kwamba sasa anakutaja. Anasema "Mama" mbele za watu, na hakuna anayemnyamazisha.

Uzi wa kijani ninao. Ni mwepesi, hauvunjiki, haumwagiki. Hiyo ndiyo zawadi yangu na inanitosha, au nitajifunza kutosheka nayo. Barabara ikikauka Baba atapeleka unga Garbatulla, na nimemwomba anichukue. Nitampima Shangazi ngumi yake ya leo, niuweke uzi wake katika kibunda chako. Nakuahidi, yeyote wa kwetu atakayesafiri tena mbali ataondoka na uzi huo.

Mungu akupanulie ulipolala, bibi yangu. Siku Shangazi atakapofika huko, atakukimbilia akushukuru kwa bangili. Usimuulize bangili gani. Mkubalie tu, umkunje vidole, na hili libaki kwako na kwangu.

Mjukuu wako,
Hodan