Kiti Chako Kimepata Mtu, Mama

Mwaka umetimia tangu utuache, Mama, na leo hatuwezi kuanza na machozi, maana tuna habari na ulimi unatuwasha. Lakini subiri kidogo, kwanza tukuseme wewe.

Ulikuwa fundi cherehani wa kushona huku unasimulia, pini mdomoni, chai ikipoa pembeni. Ulipolazwa hospitali ya wagonjwa wa akili, Baba aliwaambia majirani umesafiri. Uliporudi wakakuuliza za safari. "Safari gani?" ukawajibu. "Nilikuwa wodini, na chakula chao hakina chumvi." Baba alitamani ardhi ipasuke. Sisi tulicheka hadi mbavu zikauma.

Hukuichukia hospitali. Dawa zilikusaidia, na wauguzi wengine uliwapenda. Ila gauni la wodini lilikukera kuliko ugonjwa wenyewe. "Kamba zake ziko mgongoni," ulisema. "Mtu mzima anaomba afungwe nguo, halafu wanaandika hajiwezi."

Wakubwa wa hospitali walipokualika kwenye kamati yao kama mtu aliyewahi kulazwa, walitaka usimulie yaliyokupata, basi. Ulipomaliza, mwenyekiti akakushukuru sana na kukuonyesha mlango, ili wao waamue. Ukavuta kiti karibu na meza. "Nilipotaka kutoka mlinizuia. Leo mnanitoa, na mimi nataka kukaa." Ukakaa miaka, futi ya kupimia shingoni, ukidai vifungo vya mbele.

Ulipofariki, kiti kikabaki kitupu. Tukasikia kitapewa mtaalamu mwingine kama wao, na kwamba habari ya magauni imekwisha. Roho zilituuma, Mama. Tuliona kama unazikwa mara ya pili.

Sasa sikia. Wenzako mliolazwa pamoja walikataa katakata, na wiki iliyopita wakampeleka Kimya. Ndiyo, Kimya yuleyule wa kitanda cha jirani, ambaye wodini hakufungua kinywa. Kila asubuhi ulimfunga kamba zake, naye akakufunga zako.

Kaka alimsindikiza, akachungulia dirishani. Kimya alisimulia kwa maneno machache. Mwenyekiti akamshukuru, akamwonyesha mlango. Kimya akainuka, na Kaka akajua yameisha. Kumbe anatafuta mfuko wake. Akatoa gauni la mfano ulilowashonea kamati, lenye vifungo mbele, akalivaa juu ya nguo zake, akafunga vifungo vyote mwenyewe, bila haraka. Kisha akavuta kiti karibu na meza.

"Tuendelee," akasema.

Wakaendelea, Mama, na gauni lako limepita! Magauni mapya yataanza kushonwa mwezi huu, na cherehani yako tumeshaitia mafuta.

Unakumbukwa na mumeo, watoto wako, wakwe, wajukuu, dada yako anayebishana na picha yako hadi leo, na Kimya, ambaye sasa ni wa nyumbani. Hutatutoka moyoni kamwe.

Na ninyi majirani mnaosoma hapa, Baba ameomba tuwaandikie: mke wake hakuwa amesafiri.