Wanaogonga Chumba Namba Nane

Jumatatu, 20 Novemba

Tumefika, hoi. Shinyanga tumetoka alfajiri, Kahama chai na chapati, Ushirombo pancha. Baada ya Runzewe tukaacha lami, na kuanzia hapo ni tope tu. Donatus anaendesha, anashika kamera, analalamika.

Gesti ina vyumba nane kuzunguka ua, geti la chuma, na nyuma stoo ya mabati yenye kufuli kubwa. Mwenyewe ni Mama Ignas, mjane. Nilimwamkia, akaitika marahaba huku ameng'ang'ania mikono yangu. Ndiye aliyetupigia simu. Chumba namba nane kinagonga, anasema, wiki nzima sasa. Wageni watatu wamekimbia, mmoja kaacha hadi mswaki.

Anadhani ni marehemu mumewe. Ndiye aliyejenga hapa kwa mikono yake. Anataka nimuulize ana shida gani.

Mwanawe, Ignas, hakufurahi kutuona. Tupige picha nje, alisema, tulale, kesho twende zetu. Anaongea taratibu na hakutazami usoni.

Acha niandike nisichoweza kusema kwenye kipindi: miaka miwili nazunguka kutafuta mizimu na sijasikia hata mmoja. Ile milango inayolia ni Donatus na kompyuta yake.

Lakini leo saa tisa alasiri, jua linawaka — ngo, ngo, ngo. Kimya. Ngo, ngo, ngo. Kutoka chini! Donatus akasoma Baba Yetu, mimi Ayatul Kursi. Hatukutazamana.

Jumanne, 21 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Daraja tulilovuka jana limekwenda na mto. Mnara wa simu nao umekufa, simu zetu ni tochi tu. Ignas aliomba ufunguo wa gari alisogeze lisizame. Kalisogeza. Ufunguo hajarudisha. Donatus kauliza mara mbili, anajibiwa "baadaye, kaka".

Basi tumerekodi. Siku nzima! Sauti safi, haijawahi kutokea. Mama Ignas alikaa mlangoni na rozari yake, anaongea na sakafu: Baba Ignas, misa nilikusomea, kaburi nimelijengea, nini tena? Nikamwambia Donatus asikose machozi. Hiki ndicho kipindi kitakachotutoa.

Mfanyakazi wa usafi, Nyamizi, haingii namba nane. Anaacha ndoo kizingitini. Ni msichana mpole, mwenyeji wa Kishapu, ana mtoto mgongoni. Mumewe Luka ameondoka siku ya tisa leo, hata kuaga hakuaga. Ignas ndiye aliyemwambia: Luka kasikia dhahabu imetoka huko Geita, kakimbilia rashi, machimbo mapya, na wenzake wawili. Simu haipatikani. "Wanaume wa machimbo, dada," alisema, akacheka kidogo, akaendelea kukamua dekio.

Leo kugonga kulikuwa kwa chinichini zaidi. Donatus ameongeza sauti kwenye mashine.

Jumatano, 22 Novemba

Niandike kwa mpangilio.

Saa nne asubuhi tulifanya kile tunachofanya kila kipindi, maswali kwa mzimu. Nimeyasema mara ishirini mbele ya kuta zilizonyamaza. Kama upo, gonga mara moja. Akagonga. Mama Ignas akapiga ishara ya msalaba. Wewe ni mume wa huyu mama? Kama ndiwe, moja. Kama siwe, mbili.

Mbili.

Sijui kwa nini niliuliza lililofuata. Halikuwa kwenye karatasi yangu. Kama umekufa, moja. Kama u hai, mbili.

Mbili! Halafu mbili tena, na tena, haraka haraka, kama mtu anayeogopa mlango usifungwe.

Mko wangapi?

Tatu.

Donatus akazima kamera mwenyewe. Tukaanza kutafuta, sikio ukutani, sikio sakafuni. Bafuni, nyuma ya pipa la maji, kuna bomba la plastiki limechomoza kutoka kwenye simenti, nene kama mkono wangu. Mdomo wake umezibwa kwa matambara na nailoni, vikakazwa kwa waya. Donatus akakata waya. Hewa iliyotoka — harufu ya udongo mbichi na watu.

Na sauti. "Maji yanapanda. Mwambieni Nyamizi."

Nyamizi alikuwa ameshaingia. Chumba ambacho hakuwahi kukanyaga. Alilala kifudifudi bafuni na mtoto wake mgongoni, mdomo kwenye bomba, anaongea Kisukuma. Sikuelewa neno isipokuwa jina. Luka. Luka.

Hii ndiyo habari yenyewe, kama Luka alivyotueleza kwenye bomba. Ignas alichimba duara, shimo la kutafutia dhahabu, ndani ya stoo, kwa siri, bila kibali, na shimo likapita chini ya chumba hiki. Udongo ukaporomoka na watatu ndani. Hilo bomba lilikuwa la kuwapa hewa. Yeye ndiye aliyeliziba, kelele zisisikike. Waliishi kwa hewa inayopenya kwenye nyufa na maji ya kuchuruzika.

Na mimi nilikuwa nawarekodi. Siku mbili. Nilikuwa nafurahi.

Ignas alipokuja alikuta tunamimina uji kwenye bomba. Hakupiga kelele. Alisema walishakufa. Mama yake akamwambia, sikiliza. Akasema tena: walishakufa, mama, kwa vyovyote walishakufa, na wakitolewa mimi ninafungwa. Akaenda kufunga geti. Akarudi na wanaume wawili na panga.

Donatus alikuwa ameshapita juu ya ukuta wa jikoni. Atavuka mto wapi, sijui. Kituo cha polisi ni mwendo wa saa nne kwa miguu, barabara ikiwa nzima.

Alhamisi, 23 Novemba

Tumefungiwa. Mimi, Nyamizi na mtoto. Mlango wa namba nane una kufuli kwa nje, dirisha lina nondo. Simu zetu wamechukua. Daftari hili hawakulijali.

Donatus hajarudi.

Asubuhi Luka alisema maji yamefika kiunoni. Mwenzake mmoja, Masalu, hajibu tena. Wamemwegemeza ukutani ili asizame. Nimevunja kitanda. Kwa chuma chake tunachimba kuzunguka bomba, mimi na Nyamizi kwa zamu. Simenti ya marehemu ni nzuri mno. Tangu asubuhi, shimo la kutosha sufuria. Viganja vimechubuka. Mtoto analia, halafu anasikiliza sauti ya baba yake, ananyamaza.

Saa sita mlango ulifunguliwa. Mama Ignas, na chungu cha uji na sururu imeviringishwa kwenye kanga. Nilidhani katumwa. Aliweka chungu chini, akafunga mlango kwa ndani, akasukuma meza. Akavua viatu, akainua sururu.

Ana miaka sitini na nane. Anachimba kama mtu anayelima shamba lake.

Ignas amegundua. Yuko nje. Kwanza aligonga kwa adabu. Mama, toka, nakuomba. Halafu akasema ua unajaa maji, stoo imeanza kuzama, chumba hiki kinaweza kwenda na wote waliomo. Ni kweli. Ufa wa ukutani asubuhi ulikuwa uzi, sasa unaingia kidole.

Mama Ignas akasimama, jasho linatiririka. "Ignas. Chini kuna wana wa watu, na juu kuna mama yako. Ukitaka kufukia, fukia wote. Ukitaka kufungua, ufunguo wa stoo unao."

Akarudi kwenye shimo. Nyamizi anapokea udongo kwa mikono. Zamu yangu inafuata, ndiyo maana naandika haraka.

Wale wanaume wawili nawasikia wanaondoka. Geti limelia. Ignas hajaenda. Chini ya mlango naona viatu vyake, na maji yanavizunguka.