Gauni Lisilo na Upindo

Kashuga, tarehe 11 Machi 2013

Kwa dada yangu mpendwa Léontine,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe na shemeji Pierre na wote wanaolala chini ya paa lenu huko Butembo. Natumaini mguu wako umepona, na kwamba mvua haijawaharibia maharagwe. Mimi napumua. Cherehani yangu bado inazunguka humu kambini, ingawa kanyagio lake limefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Barua yako ya tatu imenifikia kwa mkono wa Papa Maurice, yule mfanyabiashara wenu wa balo, yale mafurushi ya mitumba ya Ulaya. Unauliza mbona Kétsia, binti yako uliyeniachia amalize shule, haandiki hata mstari mmoja. Leo nitakujibu. Ila uniruhusu nianzie kwenye nguo, kwa sababu jibu limo humo, na nikilianza moja kwa moja kalamu itaniponyoka.

Unakumbuka desturi ya mama kule Kibua: nguo ya matanga haipigwi upindo. Nyuzi zinaachwa zikining'inia mpaka siku ya kuvua nyeusi. Mwaka 2007, vita vilipotusukuma huku, nilishona magauni hayo kwa kila mjane, mapana kama gunia, mikono hadi kwenye viganja. Ndipo wanawake wakagundua jambo. Kwenye vizuizi vya njia ya Kashebere, wenye bunduki walikuwa wakimwachia mfiwa apite, maana waliogopa machozi ya mjane kuliko risasi. Basi hata wasiofiwa wakaja kwangu, nikawa nashonea misiba ambayo haijatokea. Tulicheka, dada, Mungu atusamehe. Jirani yangu Mama Jeannette alikuwa akimwambia mumewe kila siku ya soko kwamba leo amekufa tena, abaki nyumbani atulie.

Kisha balo za Papa Maurice zikaleta nyeusi ya namna nyingine. Alituambia kuwa Ulaya kuna vijana wanaovaa nyeusi bila kufiwa na mtu, na mtindo wao unaitwa gotiki. Hatukumwamini. Lakini nilipokuwa nikifumua nguo zile niliuona mtindo wenyewe ukibadilika mikononi mwangu. Za zamani zilikuwa za mahameli, shingo ndefu, lasi kwenye mikono. Zilizofuata zikawa za ngozi, na minyororo, na vitundu vya chuma. Za mwisho zilikuwa fupi, zinang'aa, na soksi za wavu zilizotobolewa makusudi. Mama Jeannette alisema wazungu wamechoka kukaa kwa amani, sasa wanaazima matanga yetu. Wasichana wa kambi walizigombania. Waliniletea nizipunguze, nichanganye lasi ya Ulaya na kitenge cheusi, na baada ya miaka mitatu matanga ya Kashuga yakawa na kiuno, ila upindo bado hatukuupiga.

Mwaka jana mwezi wa tano, Kétsia alitakiwa aende Kashebere kwa ajili ya karatasi zake za mtihani wa serikali. Alichagua gauni la mahameli, la zile za zamani, lenye lasi shingoni. Akaniomba nilibane kiunoni, na chini nilipige upindo. Nilimkumbusha desturi. Akanijibu, "Mama mudogo, mie sijafiwa na muntu. Mbona nitembee na manyuzi sawa mufiwa?" Nikaushona upindo, mishono miwili, imenyooka.

Walikwenda wanawake sita. Aliyenisimulia ni Mama Jeannette, aliyekuwa nyuma ya Kétsia. Kwenye kizuizi mwanaume mmoja aliinua ukingo wa gauni kwa mtutu wa bunduki, akauangalia, akawaambia wenzake, "Matanga haina lupindo. Huyu anatuchezea." Wakawaruhusu watano. Siku ya nne wanawake wa Kashebere walimkuta Kétsia kando ya mto.

Mtoto wako amekufa, dada. Barua zangu mbili zilizosema anasoma na anakusalimu, nilizitunga mwenyewe, nikiwa nimekaa pale alipokuwa akilala.

Na bado sijasema lote. Usidhani nilimkubalia kwa huruma tu. Aliposimama na gauni lile mbele ya kipande cha kioo, nilimwona mzuri mno, nikajiambia kwamba wanawake wote wa njiani watauliza ni nani aliyeshona. Nilitaka kazi yangu ionekane. Imeonekana. Majuto ni mjukuu, walituambia, lakini mimi mjukuu huyu nimemzaa mwenyewe na sina pa kumpeleka.

Tulimzika na gauni hilohilo, hakukuwa na jingine. Kabla hawajamfunika niliomba wembe, nikaufumua upindo wote, pande zote, mpaka nyuzi zikaning'inia.

Nisalimie shemeji Pierre, ukipata nguvu ya kumweleza. Sikuombi unisamehe, hata mimi nimejaribu, nimeshindwa. Nyeusi sishoni tena, isipokuwa hii moja iliyo ndani ya mfuko aliokuletea Papa Maurice pamoja na barua. Nimeikata kwa kipimo chako cha zamani. Ikikubana, niwie radhi, sijui umekondaje au umenenepaje kwa miaka hii yote. Chini usitafute upindo. Sikuushona.

Ni mimi mdogo wako,
Consolée