Goti la Shabani

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo, na asalaam aleikum. Naomba ikukute mzima, wewe na shemeji Bakari, na lile tumbo lililokusumbua Ramadhani nzima liwe limetulia. Mimi mwili wangu hauna tatizo. Baridi imeingia Johannesburg, na dirisha la chumba chetu hapa Bellevue halifungi sawasawa, tumeliziba kwa boksi.

Kwenye simu uliambiwa Shabani aliumia goti mazoezini kwa bahati mbaya. Aliyekuambia ni mimi. Sasa nakuandikia ilivyokuwa, kwa sababu wewe ndiye uliyetulea sote wawili baada ya mama, na sina mwingine wa kumwambia.

Unajua mbio ndizo zilizonileta huku. Nilipokueleza kwamba katika besiboli kuna kuiba, yaani kukimbilia kituo cha mbele kabla mpira haujafika, ulishika kiuno ukasema, "Kumbe nimelea mwizi!" Basi mwizi huyo alipendwa, dada. Klabu moja ya upande wa Kensington ilinipa mshahara. Miaka saba nililinda nafasi iliyo kati ya kituo cha pili na cha tatu, pale mpira unapokujia chini kabla hujavuta pumzi. Watazamaji wakaniita Swala, nami nikaitika.

Shabani nilimwita mwenyewe. Nilimfundisha tangu akiwa mdogo kule Tanga, nikamwombea nafasi kwa kocha, nikamnunulia viatu vya njumu. Mwaka wa kwanza alikuwa akibeba maji. Mwaka wa pili kocha akamweka pale pangu, mimi akanisogeza benchi. Nilimpongeza mbele ya watu. Jumamosi moja nikasikia jukwaa zima linaita, "Swala! Swala!" Nikanyanyua mkono. Mama mmoja aliyekaa karibu nami akacheka, akanielekeza kwa kidole: walikuwa wanamwita Shabani.

Kisha akaja mzee mmoja kutoka Marekani, kazi yake kutafuta wachezaji. Alikuwa na saa ya kupimia mbio. Shabani alipokimbia, yule mzee aliitazama ile saa, akaigonga kwa kidole, akamwomba arudie. Aliporudia, mzee akatabasamu. Mimi nilikuwa nakusanya mipira nyuma yao. Nikamsikia akimwuliza kocha, "Na yule mzee pale?"

Mzee, dada. Nina miaka thelathini na miwili.

Kocha akajibu, "Huyo ndiye kaka yake, ndiye aliyemfundisha."

"Basi kazi yake ameimaliza," akasema, akarudi kwenye saa yake.

Siku ile Shabani alirudi chumbani anaruka. Mzee angemchukua, karatasi zingekuja wiki inayofuata. Nilikuwa napika ugali. Akanishika bega, akasema, "Kaka, nimeshawaambia, bila wewe siendi. Wakutafutie hata kazi ya kufua jezi."

Hakusema kwa dharau. Nakuapia, alisema kwa mapenzi. Lakini nilisonga ule ugali mpaka mwiko ukavunjika.

Keshokutwa yake tulikuwa mazoezini. Kocha akaniambia nikimbie kutoka kituo cha kwanza nikaibe cha pili, Shabani alinde. Anayelinda husimama kituoni akingoja mpira, na anayekimbia hujitupa chini, miguu mbele, akiteleza mpaka aguse kituo. Wote hufanya hivyo, na haki ni kulenga kituo. Mimi niliona mguu wake wa kushoto umekita chini, macho yake yako kwenye mpira. Nilikuwa na nafasi ya kupita pembeni. Nikainua njumu nikalenga goti.

Sikuteleza vibaya. Nimecheza mchezo huu nusu ya umri wangu, najua mguu wangu unakwenda wapi.

Daktari alisema kano zimekatika na mfupa umepasuka. Atatembea, ila kwa kuchechemea. Kukimbia asahau. Yule mzee wa saa hakuja hospitali. Alituma kofia.

Jioni ile ile kocha akanipigia: "Eish, pole. Jumamosi unarudi nafasi yako." Hata siku haikupita. Nami nikaenda, dada. Mdogo wangu yuko wodini, mimi nikavaa jezi. Mpira wa kwanza ulipita kushoto kwangu, ule ambao zamani ningeuokota kwa kucheka. Wa pili nao ukapita. Mtu akapiga kelele jukwaani, "Turudishieni Swala!" Baada ya mechi mbili kocha akaleta kijana mwingine, na mimi akaniambia asante. Sasa nalinda mlango wa duka Hillbrow. Nasimama kutwa nzima.

Shabani hajawahi kunilaumu. Alipozinduka baada ya upasuaji, neno lake la kwanza lilikuwa, "Usijali, kaka. Ni mimi niliyesimama vibaya."

Nikamjibu, "Ndiyo, ulisimama vibaya."

Hilo ndilo linalonitesa kuliko lile goti. Tangu hapo analirudia kwa kila anayekuja kumwona.

Nimemkatia tiketi ya basi, anaondoka Jumatano. Yeye anataka kubaki, anasema atapona, anajipima kwa kupanda ngazi huku anahesabu. Kila hatua naisikia. Nimemwambia huko kwenu atatunzwa vizuri zaidi, akaniamini. Barua hii ataileta yeye, imefungwa kwa gundi. Nimejaribu kumwambia usoni siku nyingi, nikashindwa. Mwambie wewe ukiona vyema, au usimwambie. Najua nakutwika mzigo usio wako.

Nisalimie shemeji, na shangazi Mwanahamisi wa mbaazi, na mwalimu wetu wa michezo kama bado yu hai. Yeye usimweleze lolote.

Ni Jumapili mchana sasa. Shabani amekaa kitandani, mguu juu ya mto, ananitazama nikiandika. Ameniuliza, "Unamwandikia nini dada, kurasa zote hizo?"

"Habari zako."

"Basi usisahau kuandika ulivyonibeba mgongoni kutoka uwanjani mpaka kwenye gari, na ulivyokuwa unalia. Ajue nina kaka."

Ameniomba, nami naandika. Nilimbeba, dada. Nililia.

Nduguyo,
Hamisi