Idi ya Kula kwa Watu

Mkomani, Lamu
Mfungo Mosi

Kwa Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute umekaa kwenye mkeka wako ukumbini, magoti hayakusumbui na kikohozi kimekuacha ulale. Hapa mwili wangu ni mzima, alhamdulillahi. Nimetaja mwili kwa kuwa huo ndio ninaoweza kuuapia.

Barua hii anakuletea mke wangu Zuhura mwenyewe. Kurani ameihitimu, wewe ndiye uliyempeleka chuoni, lakini herufi hizi za kizungu hazijui, na mimi nimemwambia ni salamu tu. Tafadhali Mama, mwite shemeji Bakari akusomee mkiwa wawili, Zuhura akiwa amekwenda kisimani au amelala. Nina maneno ya kukueleza juu yake ambayo hayasemeki mbele yake.

Tangu ile simu niliyoiandika posta mwezi wa Shaabani sijakuandikia, nawe hukuniuliza, na nakushukuru kwa kutoniuliza. Simu haina nafasi ya maneno. Athumani wetu alishikwa na homa, akatibiwa, akapata nafuu siku moja hata akaomba kofia yake, kisha homa ikarudi na nguvu zake zote. Tumemzika huku. Najua ulikuwa ukimngojea, mjukuu uliyempa jina la marehemu Baba na hujapata kumtia machoni. Najua pia habari za yule mbuzi unayemfuga, kwamba akija huko kwako Vanga kwa Idi atachinjiwa. Zuhura alikuwa akimhadithia mtoto habari za mbuzi huyo kila akikataa kuoga.

Sasa nikueleze mambo ya Ramadhani. Kwa fundi cherehani huo si mwezi, ni vita. Kila mtu anataka kanzu yake, kila mama anataka magauni ya binti zake yawe kitambaa kimoja, na wote wanayataka kabla ya mwezi kuandama. Nilikuwa nikitoka dukani magharibi. Zuhura alikuwa amekwisha kupika: uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, tambi. Ananiwekea sinia langu, nalichukua barazani nikafuturu na wanaume wa mtaa kama ada ya hapa ilivyo, naye hubaki ndani. Nikirudi vyombo vimekwisha oshwa. Namuuliza, "Umefuturu?" Ananijibu, "Nimefuturu." Mchana hali, na mimi sili, na mji mzima hauli. Ni nani angejua, Mama? Mwezi ambao watu wote wana njaa ndio mwezi ambao mwenye njaa haonekani.

Nilijua siku moja kabla ya Idi. Wateja walikuwa wamekwisha, nikasema nimshonee na yeye gauni, japo hakuliomba. Vipimo vyake ninavyo kichwani, sihitaji kumpima. Nikashona, nikampelekea ajaribu. Likaning'inia. Nilifikiri nimekosea kukata, nikachukua utepe nimpime upya. Nilipouzungusha kiunoni mwake, ulizidi karibu shubiri nzima. Zuhura aliniambia tu, "Lipunguze." Sikulipunguza. Nilikwenda msalani nikalia huko, nikafungulia maji yanifiche.

Bi Rukia, mama wa makamo mwenye nyumba hii tunayokaa, ndiye aliyenipa shauri. Alinishika mkono ngazini akasema, "Mwanangu, nyumba ilofiwa haipiki sikukuu ya kwanda. Mtukue mkeo, mwende mkale kwa watu. Mai na ndia humpa mtu ndaa." Wenyewe husema hivyo, Mama, maji ni mai, njia ni ndia, njaa ni ndaa. Tulipofika huku mara ya kwanza Zuhura alikuwa akiwaigiza jioni, mimi nacheka mpaka nashika ubavu, na Athumani anacheka kwa sababu sisi tunacheka.

Mialiko tulikuwa nayo, kwa kuwa wateja wangu walijua msiba wetu. Basi nikaamua: Idi hii mimi na mke wangu tutakuwa watu wa safari na karamu. Ukisikia hivyo utadhani tumetajirika. Nilivaa kanzu mpya, naye gauni lile likiwa limefichika ndani ya buibui, tukatoka.

Siku ya Idi yenyewe tulialikwa papa hapa mjini, nyumba ya bwana mmoja ambaye ukoo wake umekaa Lamu tangu mawe ya mji yakiwa bado baharini. Mimi nikapokelewa sebuleni na wanaume, yeye akapanda juu kwa wanawake. Pilau ya mbuzi, mkate wa mayai, halua, kahawa. Nilikula huku sikio langu liko juu. Nilisikia vicheko, nikasikia sahani, nikajipa moyo. Tulipotoka nilimuuliza, "Umekula?"

"Nimekula. Pilau yao ina zabibu nyingi."

Nilifurahi kwa zile zabibu, Mama. Nilijisemea, mtu hawezi kujua zabibu za pilau kama hakuila. Kumbe zabibu huonekana hata kwa macho.

Siku ya tatu tulikwenda Kizingitini kwa Bwana Kombo, mvuvi wa kamba ambaye kila mwaka mimi humshonea kanzu. Tulilala huko. Watu wakarimu mno. Nyumba zao ndogo lakini walitutolea chumba chao wenyewe. Tena mimi nje na wanaume, yeye uani kwa mke wa Kombo, Bi Mize, na wanawake wengine, kwenye sinia moja. Tena nikauliza, tena akanijibu amekula, na kwamba kamba walikuwa watamu.

Asubuhi Bwana Kombo alinifuata pwani. Alisimama kando yangu akitazama mchanga, akakohoa, akasema, "Bwana fundi, samahani. Mwana wetu mdogo ana tumbo tangu yana usiku. Ameshiba kuliko mimi babake."

Nikamwambia pole, Mungu atamponya.

"Si hilo," akasema. "Mamake auliza ni nani aliyemlisha, kwani mwana yule ukimpa matonge matatu hukimbia. Mwana asema ni mama mgeni. Bwana fundi, mkeo alikaa naye kwenye sinia. Wali uliokuwa mbele ya mkeo umekwisha wote, na mkeo hakutia kitu kinywani."

Wewe unajua ulaji wa sinia, Mama. Kila mtu na upande wake, na hakuna anayetazama upande wa mwenzake kwa sababu si adabu. Wali ukipungua mbele yako watu husema umekula. Zuhura alikuwa akiufinyanga wali, akiutia kinywani mwa mtoto wa watu, na wanawake wote wakimsifu kwamba mgeni amekula vizuri. Na kwenye ile nyumba ya mjini, nilikuja kujua, alikuwa na mtoto huku na mtoto huku.

Tukapanda chombo kurudi. Ningemwambia nini mbele ya abiria? Nilimtazama amekaa na wanawake nyuma, buibui limemfunika, nikampima kwa macho mtu wa ndani ya nguo kama fundi anavyoweza, nikaona hakuna mtu ila kidogo. Niliogopa, Mama. Niliogopa kuliko usiku ule wa homa, kwani usiku ule nilikuwa bado na tumaini la kijinga.

Kesho yake tulivuka Mokowe. Kililana kulikuwa na mkulima mmoja, Bwana Shali, amechinja kwa ajili yetu, na aliahidi kutuletea punda gatini. Punda hakuwapo. Jua lilikuwa kali, kivuli kilikuwa kimoja tu: hoteli ya mbao na makuti wanapongojea watu wa lori la Mombasa. Mle ndani walikuwa wanaume watupu, wanakunywa chai. Mke wa heshima haingii mahali kama pale, sembuse kula. Mwanamke wa Lamu angesimama juani mpaka azimie.

Nikamwambia, "Tuingie."

"Watu watatutazama."

"Na watutazame."

Nilimkalisha pembeni, mgongo wake kwa watu, mimi nikakaa nikimkabili. Nikaagiza wali kwa mchuzi wa samaki changu, sahani moja. Mwenye hoteli, mzee aliyefunga kitambaa kiunoni, ubaoni nyuma yake bati la biskuti lenye picha ya Malkia mpya wa Waingereza, aliniuliza mara mbili kama ni moja. Nikamwambia ni moja.

Ndipo nilipoona kwa macho yangu. Miaka yote ya ndoa yetu tunakula mbali mbali kama watu wengine. Tangu utotoni, ulipotukalisha wote wawili mkekani kwako baada ya mamake, wifi yako, kufariki, sikuwa nimemuona Zuhura akila. Alinawa, akatia vidole wali, akafinyanga. Tonge likatoka dogo. Dogo kama kokwa la tende. Akalishika hewani, akatazama kulia kwake, mahali ambapo pangekaa mtoto. Hapakuwa na mtoto. Akabaki nalo.

"Saidi," akaniita. Tangu msiba alikuwa haniiti kwa jina lolote, kwa kuwa jina langu lilikuwa Baba Athumani. "Saidi, vidole vyangu havijui kufanya jingine. Kila nikitia mkono sahanini vinamfanyia yeye. Nitakulaje chake?"

Nilifunua kinywa changu, akanitia lile tonge. Kisha nikafinyanga langu, kubwa, baya, lenye kumwaga mchuzi, tonge la mwanamume mwenye haraka, nikamwambia, "Hili si la mtoto. Hili ni lako." Aliinua ukaya kidogo, akafumba macho, akala. Nikamfinyangia jingine, akala. Mbele ya wanaume wote wale, Mama, mwanao alimlisha mkewe hotelini. Nilipoinua uso kuwatazama, nikiwa tayari kugombana, niliona wameshageuza viti vyao kuelekea bahari, wote, na mzee mwenye hoteli amesimama mlangoni ameshika gunia kama pazia, anazungumza na hewa. Mungu awalipe.

Punda alikuja baadaye, tukaenda Kililana, tukatenganishwa tena wanaume na wanawake. Tuliporudi nilimuuliza kama amekula. Akasema, "Hapana." Siku hiyo hakunidanganya, nikalishukuru jibu lile kuliko yote yaliyotangulia.

Tangu hapo anakula, lakini kwa mkono wangu tu. Nafunga duka adhuhuri nikamlishe, na magharibi namlisha tena. Huu ni mwezi wa arusi, watu wananingojea na vitambaa vyao, na majirani wananicheka kwamba fundi amekuwa yaya. Waache wacheke. Hilo silo lililonifanya nikuandikie.

Majuzi nilimuuliza kwa utani, "Mbona hufumba macho nikikulisha? Bado unawaonea haya wanaume wa Mokowe?" Nilidhani atacheka. Akasema, "Nikifumbua naona uso wake. Wewe na yeye mlikuwa uso mmoja. Saidi, nipeleke kwa shangazi. Wewe usije."

Ndiyo hivyo, Mama. Ananipenda, najua, wala hatukugombana. Lakini mkono wangu anaukubali na uso wangu hauwezi. Nilikaa nao uso huu mbele ya kioo cha dukani, nikamtafuta huyo mtoto ndani yake, nikamuona. Kwenye nyusi, na hapa pembeni mwa mdomo. Sasa mimi namuona kila ninyoapo ndevu, wala sina pa kwenda kuukimbia.

Basi nakurudishia mwana wa ndugu yako, uliyemlea kama binti yako. Bi Rukia anakwenda Mombasa kumtazama mwanawe, watafuatana kwa lori kutoka Mokowe. Mombasa mjomba atampokea binti yake na kumfikisha kwako. Nakuomba haya. Usimpe sahani yake peke yake, ataifunika na kuirudisha. Usimkalishe karibu na watoto wa dada Amina wakati wa kula, wataota matumbo na yeye atakonda. Mkalishe ubavuni pako, kama zamani, umlishe kwa mkono wako, na matonge yawe makubwa. Yakiwa madogo atayaangalia tu. Na yule mbuzi mchinje, Mama. Usimuweke tena. Maini yake mpe Zuhura; hata akifumba macho mpe.

Nisalimie mjomba, na umwambie bintiye hakukosewa adabu katika nyumba yangu. Nisalimie dada Amina na shemeji Bakari anayekusomea hapa, na yeye asitoe sauti ya msiba asomapo, namjua. Nisalimie nyanya Mwanaiki jirani yetu, na maalimu wa chuoni aombe dua.

Mimi nitakaa huku na cherehani yangu. Siku atakayoanza kujilisha mwenyewe, niandikie barua, nitashukuru. Lakini siku atakayokuuliza habari zangu, hata akiuliza kama anauliza bei ya nazi, usiniandikie, barua huchelewa. Mtume Bakari posta akapige simu. Neno moja linatosha: Njoo.

Mwanao anayekubusu mikono,
Saidi