Jina Lililozikwa Heru Juu

Kasulu, Jumamosi, 15 Novemba 2014

Ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Ni saa kumi jioni na bado siuoni vizuri mparachichi ulio hatua kumi tu kutoka dirishani kwangu. Nimevaa masweta mawili, mimi mtoto wa joto la Muheza, na bado natetemeka. Ningependa kusema ni baridi.

Niandike sasa hivi, kabla sijaanza kujidanganya kwamba sikusikia nilichosikia.

Wanaonisoma hapa wanajua kazi yangu. Mimi ni karani wa masjala, mafaili ndiyo maisha yangu. Nilikuwa nikiwatania wenzangu ofisini kwamba mtu asiye na faili ni uvumi tu. Walicheka, nami nilijiona mjanja.

Mwezi wa sita alikuja Mzee Samweli wa Heru Juu, anachechemea, kitabu chake cha kuachishwa jeshi kimefungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Alipigana vita vya Kagera. Wenzake wa kombania moja walipewa nishani ya vita, lakini kwenye kitabu chake ukurasa wa nishani ni mweupe. Aliniomba nimwandikie barua kwa watunza kumbukumbu wa jeshi ili wasahihishe. Hakutaka kingine. Alisema wajukuu zake wanadhani mguu ule aliuvunja kwa pombe, na hataki kufa wakiamini hivyo.

Nilimuuliza kwa nini amengoja miaka thelathini na mitano.

"Jina, mwanangu. Jina ndilo lililonizuia."

Nikafungua kitabu. Kiliandikwa Zakaria Bitaliho.

Sikushtuka. Watu wengi hubadili majina, na dawa yake ni hati ya kiapo na muhuri. Nikaandika barua, na wiki iliyofuata nikapanda bodaboda kumpelekea aisaini. Nilipofika uani kwake sikumwona, nikafanya kama tunavyofanya dirishani kwetu. Nikaita jina lililo kwenye faili, kwa sauti ya ofisi.

"Zakaria Bitaliho!"

Wanawake waliokuwa wakipura maharage wakasimama, fimbo mkononi. Mmoja akamvuta mwanawe ndani na kufunga mlango. Hakuna aliyeitika. Ndipo nikamwona mzee mwenyewe, amekaa kibarazani hatua tano kutoka nilipo, ananitazama machoni. Naye hakuitika.

Mkewe, Bibi Yudita, ndiye aliyenivuta pembeni akanieleza. Vitani mumewe alijeruhiwa, akapelekwa hospitali ya mbali, na huku nyuma akaandikwa kwenye orodha ya waliokufa. Habari ikafika nyumbani. Katika ukoo wao, mtu akifia mbali na maiti isirudi, huzikwa mgomba badala yake ili jina lipate pa kulala. Wakazika mgomba. Matanga yakakaliwa, Yudita akanyolewa nywele kama mjane. Miezi minane baadaye mume akatokea njiani na fimbo yake.

Wazee hawakumfukuza. Walisema tu kwamba jina limekwisha kuzikwa na halifukuliwi. Akaingizwa ndani kwa mlango wa nyuma, kama mtoto aliyezaliwa siku ile, akapelekwa kanisani akabatizwa Samweli. Yudita akaolewa naye upya, kwa mbuzi mmoja.

"Mimi ni mjane," aliniambia bila kutabasamu, "na mume wangu yule pale anakunywa uji."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka aliponipeleka kuliona kaburi.

Siku ile ya maziko kila mtu alikuwa analia na hakuna aliyekumbuka kukata mizizi. Waliuzika mgomba mzima, na tunguu lake. Ukachipua. Leo ni kichaka kizima cha migomba nyuma ya nyumba, mirefu kuliko mingine yote shambani, na hakuna anayekula ndizi zake. Zinaiva, zinaanguka, zinaoza palepale. Niliziangalia zile zilizokuwa chini. Hakuna hata moja iliyodonolewa na ndege.

Sikucheka tena.

Lakini faili likishafunguliwa lina njaa yake. Ilitakiwa mtu aliyekuwa naye vitani athibitishe. Nilichukua likizo ya siku mbili, nikaenda Kibondo hadi Busunzu, kwa mzee aliyekuwa koplo wao. Nilipomtajia jina alisema kila mwaka humwombea huyo pamoja na marehemu wengine. Nikamwonyesha picha ya Mzee Samweli. Aliishika muda mrefu, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango.

"Una hakika aliyerudi ndiye yeye?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo. Ningesema nini tena? Akaweka dole gumba kwenye karatasi, akanirudishia picha ikiwa imegeuzwa uso chini.

Jumatano wiki hii majibu yakaja. Kumbukumbu zimesahihishwa, nishani imeingizwa, nayo itakabidhiwa kwenye gwaride Kigoma mjini mwezi ujao. Nilifurahi mpaka nikarukaruka masjala nzima. Kisha nikasoma aya ya chini. Askari ataitwa kwa jina lake, ataitika "Afande!" na kusogea mbele. Asiyeitika atahesabiwa hayupo. Na kuna fomu ya utambulisho ninayotakiwa kuirudisha Jumatatu: je, mhusika anaitikia jina hili, ndiyo au hapana.

Mzee aliposomewa aliinamisha kichwa. Tangu mwaka ule amejifunza kutoitikia jina lile, hata ndotoni. Amejaribu peke yake shambani, anafungua mdomo na sauti haiji. Kifua nacho kinambana siku hizi, na gwaride jingine hajui kama atalifikia.

Kwa hiyo leo asubuhi aliniomba niende nimwite. Mimi ni mgeni, alisema, jina halina kisasi na mgeni. Lakini akataka tufanyie pale lilipolazwa, kwa sababu ndipo alipoliacha.

Bibi Yudita alikataa. Akasema jina lile lina mwenyewe. Mzee akavaa koti lake la zamani, akafunga vifungo vyote taratibu, akatoka. Mwishowe bibi akatufuata, panga mkononi, sijui kwa ajili ya nini.

Ukungu ulikuwa mzito, migomba ilionekana mashina tu. Mzee alisimama wima, mgongo ameuelekeza kwenye kaburi, mikono imenyooka ubavuni. Nami nikasimama mbele yake na faili langu, kana kwamba faili lingenisaidia.

Nikaita mara ya kwanza. Midomo yake ilitetemeka. Kimya.

Nikaita mara ya pili.

"Naam."

Ilikuwa sauti nyepesi, ya kijana, isiyo na kikohozi. Moyo wangu ulifurahi kwa nukta moja, nikasema, "Hongera, mzee!" Akanitazama kwa mshangao.

"Sijasema bado," akasema.

Nikamgeukia Bibi Yudita. Hakuwa akinitazama mimi wala mumewe. Alikuwa ameitazama migomba, na mkono mmoja ameuweka kichwani, pale ambapo nywele zilinyolewa zamani.

Nilitaka kukimbia, naliandika hili bila aibu. Mzee hakuuliza nimesikia nini. Machozi yalikuwa yanamtoka, akaniambia neno moja tu: "Maliza."

Nikaita mara ya tatu, sauti yangu ikiwa imepasuka.

"Afande!"

Mzee alipiga ukelele uliofika kwa majirani, akapiga hatua mbele kwa ule mguu mbovu, karibu aanguke kifuani kwangu. Nikamshika. Alikuwa mwepesi mno, na alikuwa anacheka.

Bibi Yudita akaingia kwenye kichaka. Tulisikia panga likikata, mara mbili. Akatoka amekumbatia mkungu ulioiva, akamenya ndizi moja, akaila akiwa amesimama, analia na kutafuna. Ya pili akampa mumewe. Akamwita Zakaria alipokuwa akimpa. Kisha akakata chana moja akaniwekea kwenye mkoba.

"Hazina ubaya," alisema. "Ni ndizi tu."

Ziko hapa mezani. Zina harufu nzuri na sijazigusa.

Nimejiambia ilikuwa mwangwi. Nimejiambia kuna kijana alikuwa anapita njia ya nyuma, kusikia mtu akiitwa akaitika kwa utani. Nimejiambia mengi tangu saa tano. Lakini pia nakumbuka furaha ya yule mzee alipopiga hatua ile, na sitaki woga wangu uichafue. Atakwenda Kigoma. Wajukuu watakuwepo, nami nimeahidi kwenda.

Fomu nimeijaza tayari, kwa kalamu ya wino mweusi kama inavyotakiwa. Mhusika anaitikia jina hili: ndiyo.

Haikuuliza walioitika ni wangapi.