Tangu Fainali ya Mapishi, Namwogopa Mama Mkwe Wangu

Mshauri wetu mpendwa,

Shikamoo. Nakuomba unisaidie mapema kadiri utakavyoweza, na ukiona mwandiko unapinda unisamehe, naandika huku nasikiliza mlango. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Chemchem hapa Tabora na mume wangu Emilian ambaye ni fundi pikipiki, pamoja na mama yake mzazi, Mama Agnetha, tuliyemchukua kutoka Kigwa miaka mingi iliyopita baada ya baba mkwe kufariki.

Huenda na wewe uliangalia fainali ya Chungu cha Taifa, lile shindano la wapishi wa nyumbani kwenye runinga, basi yule msichana wa Tabora aliyefika mpaka mwisho, Theodora, ni mtoto wa jirani yetu Mama Silasi, ukuta kwa ukuta, na kupika alifundishwa na mama mkwe wangu kwenye mafiga yetu ya uani tangu anavaa sare za shule, kwa sababu mama yake alikuwa anashinda sokoni na yule mtoto alipenda kukaa pale kwenye moshi akiuliza hiki kinatiwa lini na kile kinaepuliwa lini. Kwa hiyo alipokuwa anavuka hatua moja baada ya nyingine mtaa mzima tulijivuna, na mama mkwe akawa anasalimiwa na watu asiowajua, wanamwita bibi wa mpishi.

Jioni ya fainali Mama Silasi alitoa runinga barazani, watu wakaja na viti vyao, wengine wametoka hadi Cheyo, na mama mkwe akawekewa kiti cha mbele kama mgeni wa heshima. Theodora alikuwa anapika uyoga wa karanga na ugali wa mtama. Unajua watu wakiangalia mapishi kila mmoja anakuwa jaji, jirani yetu mzee Mathias anasema moto umezidi, mwingine anasema karanga zimewahi, Mama Silasi anawanyamazisha, "Mwacheni mwanangu, anajua anachofanya," tunacheka, tunapiga makofi, mpaka ghafla yule mtoto akasimama. Alisimama tu, mshauri, mwiko mkononi, macho yanaangalia mbele kama haoni kitu, na chungu kinaanza kutoa moshi. Tukawa tunapiga kelele kama vile anatusikia, koroga, koroga, na mama mkwe akanyanyuka kwenye kiti akasema kwa sauti kubwa kuliko wote, "Koroga mwanangu, inaungua!" Na kweli ikaungua. Jaji aliweka ulimini kidogo, akarudisha kijiko mezani, akaomba maji. Ushindi akapewa kijana wa Tanga.

Mwanzoni watu waliongea ya kawaida, kwamba majaji wanapendelea pwani, kwamba lile jiko la umeme halijui karanga. Halafu Silasi, kaka yake Theodora, ambaye ni dereva wa bodaboda, akasema, "Jamani, mtu hasimami vile bure. Dada yangu amefungwa."

Mtu akauliza, "Amefungwa na nani?"

"Jiulizeni wenyewe. Siku anaondoka, nani alimshika kichwa akamnyunyizia maji?"

Ni kweli mama mkwe alimfanyia hivyo, ndivyo wazee wanavyombariki mtu wa safari, na Mama Silasi mwenyewe alikuwa amesimama pale akisema amina. Lakini watu wote waligeuka wakamwangalia, na macho yake unajua ni mekundu, amepikia kuni maisha yake yote. Akasema, "Silasi, mjukuu wangu, unasema nini?" Mmoja mmoja watu wakaanza kubeba viti vyao. Mimi nilifungua mdomo niseme neno, mdomo ukakauka, nikamshika mama mkono tukaondoka.

Tangu siku hiyo hatuna amani. Kwenye kundi la simu la mtaa wanarushiana kile kipande cha Theodora amesimama, na chini yake sauti za watu, na sasa wanasema Bibi alitamka inaungua ndipo ikaungua, kabla ya hapo ilikuwa salama. Wakati mimi nilikuwepo na moshi niliuona kabla hajasema! Bombani mwanamke mmoja alisogeza ndoo yake mama alipofika. Watoto waliokuwa wanakuja kuomba maji kwetu hawaji. Juzi nimetoka sokoni nimekuta mtu amechora alama kubwa kwa mkaa ukutani, nje ya chumba cha mama, upande wa dirisha lake. Jana mchana wakati yuko peke yake walirusha mawe juu ya bati, na nilipofika nilimkuta amekaa chini sakafuni kati ya kitanda na kabati, amejifunika khanga kichwani, ananiuliza kwa sauti ndogo, "Wameondoka?"

Na kijiweni Silasi na wenzake wanasema Jumamosi wataenda kwa mganga fulani kupigiwa ramli, na akitajwa mtu asilaumiwe yeyote. Hilo neno nimelisikia kwa masikio yangu. Mimi nimekulia Nzega, mshauri, nakumbuka bibi mmoja jirani yetu ambaye walianza kumsema hivi hivi, kwa macho yake na kwa ng'ombe aliyemfia mtu, na walichomfanya mwishoni sitaki kukiandika.

Emilian anasema mama arudi Kigwa akapumzike kwa Deus, kaka wa mama, lakini Deus amepiga simu, anasema, "Msimlete. Huku nako waliangalia hiyo fainali, na maneno yameshafika." Theodora mwenyewe hapatikani, simu imezimwa tangu fainali, mama yake analia kutwa, na kila akilia watu wanaangalia kwetu.

Sasa lililo moyoni mwangu ni hili, na ninaona aibu. Nimeanza kumwogopa mama mkwe. Akikohoa chumbani nashtuka. Mtoto wangu wa mwisho alipata mafua, wazo la kwanza lililonijia sikulipenda. Ugali anaoupika nasema nimeshiba, nawapikia watoto pembeni kwenye jiko la mkaa. Jana baada ya mawe alinitazama akasema, "Na wewe, Mama Dionis?" Nimekosa usingizi. Mama huyu alinilea nilipojifungua wote watatu, aliniogesha kwa mikono yake. Je, inawezekana watu wengi hivi wakawa wamekosea? Na kama wamekosea, nimpeleke wapi kabla ya Jumamosi?

Mama Dionis,
Chemchem, Tabora.

*

Mama Dionis,

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Barua yako nilipoimaliza sikuiweka kwenye foleni na nyingine. Nilikupigia pale pale, na wasomaji wajue kwamba haya ninayoyajibu hapa mengine nilikwambia kwa simu, na majina yote nimeyabadilisha kwa ridhaa yako.

Umeuliza kama inawezekana watu wengi wakakosea. Inawezekana sana. Walikuwa wengi barazani, na wote waliona moshi kabla Bibi hajafungua mdomo, nawe uliuona, umeniandikia mwenyewe. Halafu wote wakakubali kuusahau kwa sababu Silasi alikuwa na uchungu na alitaka mtu wa kumtupia lawama. Kwa hilo nakugombeza. Ulikuwa shahidi ukakaa kimya. Mdomo kukauka naelewa, lakini siku zilizofuata ulikauka pia? Kimya chako wamekihesabu. Wamesema, tazama, hata mkwe wake hamtetei.

Na hilo la kuwapikia watoto pembeni, hapo umenikasirisha kweli. Mtu anarushiwa mawe na majirani, anageuka ndani kwake anakuta anaogopwa na yule aliyemwogesha uzazini. Ungekuwa wewe ungelala? Mafua ya mtoto ni mafua. Mpeleke zahanati.

Sasa yaliyotokea, niwaeleze na wengine. Nilikwambia uende polisi siku ile ile, dawati la jinsia, pamoja na mumeo, mpite kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa ili asije akasema hakuambiwa. Emilian alisita, akasema atakuwa anawashtaki majirani. Nikaongea naye. Nikamuuliza, "Ukikuta mlango umevunjwa, utawaita majirani wepi?" Akavaa viatu. Mlipeleka zile sauti za kwenye simu bila kufuta hata moja, na picha ya alama ya mkaa, na mlifanya vizuri sana kuipiga picha kabla ya kuifuta. Siku ile ile mama alihamishiwa mahali ambapo sitapaandika, na Silasi na wenzake waliitwa wakaambiwa wazi kwamba ramli ya kumtaja mtu ni kosa, na kwamba bibi yule akiguswa, majina yao tayari yako mezani. Safari ya Jumamosi haikuwepo.

Theodora nilimtafuta mimi, kupitia mwandishi mwenzangu aliyeko Dar es Salaam. Alikuwa amelazwa. Mtoto wa watu alikuwa na malaria. Haya ndiyo maneno yake: "Homa ilinianza siku moja kabla, nikaficha wasinitoe. Zile taa zina joto, nikaona giza, chungu nakiona lakini mkono hauendi. Nilizima simu kwa aibu." Nilipomwambia kuhusu Bibi akasema, "Kwa nini hawakusubiri kuniuliza?" Kisha akauliza basi la Tabora linaondoka saa ngapi.

Alifika bado dhaifu, akasimama kwenye baraza la mama yake, akawaambia watu ugonjwa wake na cheti akawaonyesha. Umenieleza kwamba Mama Silasi alianguka kilio na akaja kwako kuomba radhi. Umenieleza pia kwamba Silasi aliinama tu, na kwamba mwanamke wa bombani alinong'ona, "Na malaria nani kamtumia?" Kwa hiyo sikudanganyi. Haijaisha. Watu waliokwisha kuogopa hawapendi kuambiwa waliogopa bure, na wapo watakaosubiri mtoto mwingine augue. Ndiyo maana nakuandikia na haya ya mbele.

Usimpeleke Kigwa, wala kijiji kingine chochote ambako hana mtu wa kulala naye nyumba moja. Asibaki nyumbani peke yake, hata mchana. Panga na Emilian nani anashinda naye, na Theodora amejitolea, mpokee. Namba ya yule askari aliyewapokea dawatini iwe kwenye simu yako, ya mumeo na ya mtoto wako mkubwa. Kwenye lile kundi la simu, andika wewe mwenyewe, kwa jina lako, uliyoyaona kwa macho yako barazani. Usitukane mtu. Andika moshi ulitoka lini na nani alimbariki nani na nani aliitikia amina. Emilian naye aende kwa Silasi, waongee kama wanaume walioishi jirani miaka yote hii, mchana, mbele ya mzee Mathias. Lile jiko la pembeni lizime. Mnakula sufuria moja nyumba nzima, na wewe ndiye wa kwanza kumega.

Na ninyi mliokuwa mmekaa pale na viti vyenu, najua gazeti hili mnalisoma. Shindano lilikuwa la kupika. Lilikwisha jioni ile. Kama mna hamu ya kuendelea kulijadili, jadilini karanga.

Mama Dionis, bibi anarudi Jumapili, mwenyekiti amekubali kuwepo. Usimlete kwa bodaboda kupitia uchochoroni kama mnaficha kitu. Shukeni kwenye barabara kubwa, mpite bombani, mpite kijiweni, msalimie kila mtu kwa jina, na asiyeitikia mwacheni mwendelee. Utaogopa, najua. Miguu ikitetemeka, tembea nayo hivyo hivyo.

Wako,
Mama Advera.